Alikuwa akitafuta viza, kilichokosekana ni usajili: kisa cha daktari bingwa wa upasuaji

Ujumbe wake ulinifikia usiku mmoja wa Machi 2022: "Kaka, huko kwenu ni hospitali gani zinadhamini viza kwa mabingwa?" Tulisoma pamoja Muhimbili. Tulipomaliza mwaka wa intern kila mmoja akashika njia yake: mimi nikaja England, yeye akaajiriwa serikalini Julai 2010, akarudi shule kusomea ubingwa, kisha akapangiwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Ameniruhusu nikiandike kisa chake ili mwingine asipoteze muda alioupoteza yeye. Jina na mkoa nimeviacha. Nitamwita Dokta, kama wodi nzima ilivyokuwa ikimwita.

Wakati ule alikuwa ameshatuma maombi thelathini na nane, yote Uingereza, yote ya nafasi za konsaltanti, daktari wa ngazi ya juu kabisa hospitalini kule. Aliyaandika kwenye daftari la mistari: tarehe, hospitali, jibu. Safu ya jibu ilikuwa na neno moja tu likijirudia kuanzia juu hadi chini, "hapana", na sehemu nyingine kistari kwa wasiojibu kabisa. Kila alipofungua kompyuta alianza kwa kutafuta matangazo yenye maneno ya udhamini wa viza. Asipoyaona, anapita. Akiyaona, anatuma.

Si mtu wa sifa haba. Shahada ya udaktari aliipata 2008, shahada ya uzamili ya upasuaji (MMed) 2017, na 2019 akafaulu FCS, mtihani wa ubingwa wa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha. Hospitalini kwake mabingwa wa upasuaji walikuwa wawili tu, wakipokezana zamu mwaka mzima. Utumbo uliojisokota, kidonda cha tumbo kilichotoboka, ngiri iliyobana, goita, majeruhi wa bodaboda, vyote vilipita mikononi mwake, na usiku ambao daktari wa kina mama hakupatikana aliwapasua pia wajawazito. Mikono hiyo nimeiona ikifanya kazi. Sikuwa na shaka nayo wakati ule, sina sasa.

Kwa nini basi hakuna aliyemwita hata kwenye usaili? Yeye alikuwa na maelezo mawili. La kwanza, hospitali hazitaki gharama za kumdhamini Mwafrika. La pili, aliambiwa na mtu kwamba Watanzania "wamepigwa marufuku" Uingereza. Yote mawili yalikuwa na kaukweli fulani ndani yake, na ndiyo maana yalimshika kwa muda mrefu.

Neno bingwa

Tatizo lilikuwa kwenye cheo. Kwetu, ukimaliza MMed na Baraza la Madaktari Tanganyika likakusajili hivyo, wewe ni bingwa. Ukiendelea zaidi unakuwa bingwa bobezi. Dokta alichukua neno hilo akalitafsiri moja kwa moja kuwa konsaltanti, kisha akaomba kazi za konsaltanti. Mantiki yake naielewa, maana hata mimi niliwahi kudhani hivyo.

Uingereza ina ngazi mbili za usajili. GMC, baraza linalosajili madaktari wa nchi nzima, linakupa kwanza usajili wa daktari pamoja na leseni ya kutibu. Juu yake kuna rejista nyingine, ya wataalamu. Konsaltanti wa ajira ya kudumu katika NHS, huduma ya afya ya umma ya kule, lazima jina lake liwemo kwenye rejista hiyo ya pili, na MMed au FCS ya COSECSA haikuingizi humo yenyewe. Aliyesomea nje hupitia njia ya jalada, ile iliyokuwa ikiitwa CESR hadi Novemba 2023: unakusanya ushahidi wa kazi zako, mamia ya kurasa, kuonyesha kwamba ujuzi wako unalingana na wa konsaltanti anayeanza kazi kule.

Dokta hakuwemo kwenye rejista ya pili, na hata ile ya kwanza hakuwemo. Fomu za maombi huuliza mapema kabisa kama una usajili wa GMC. Akijibu hapana, maombi yanaishia pale, na hakuna binadamu aliyefika kwenye kurasa alizoeleza upasuaji wake. Suala la viza halikuwahi kuguswa katika maombi yote thelathini na nane. Hospitali nyingi za NHS tayari zina leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje, na orodha ya waajiri wenye leseni hiyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, yeyote anaweza kuipekua. Ukiwa daktari mwenye usajili na wakakutaka, udhamini ni shughuli ya watu wa rasilimali watu. Nilimwambia hivyo kwa simu. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema, "Kwa hiyo nimekuwa nikigonga mlango ambao sijapewa namba yake."

Na lile la marufuku? Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Orodha ya 2023 ina nchi 55, Tanzania ikiwemo. Kwa mwongozo wa Uingereza, waajiri na mawakala hawaruhusiwi kwenda kuwasaka wahudumu katika nchi hizo. Daktari anayeliona tangazo akaomba mwenyewe hazuiwi.

Hilo lingemwokoa na jambo moja linaloniuma mpaka leo. Katikati ya 2022, bila kunieleza, alikutana na wakala aliyemwahidi "udhamini wa uhakika" kwa dola 1,500, nusu kwanza. Alilipa nusu. Alipelekewa barua yenye nembo ya hospitali na kosa la tahajia katika jina la mji wenyewe. Hospitali ile nikaitafuta kwenye orodha ya wadhamini, haimo. Fedha haikurudi. Anayekuuzia hati ya udhamini anakuuzia kitu kisichouzwa: tangu 31 Desemba 2024 mwajiri wa Uingereza amekatazwa hata kumbebesha mfanyakazi gharama ya leseni yake ya udhamini na ada ya kutoa hati hiyo.

Oman au Uingereza

Nilimshauri aende Oman, naye akakataa. Nieleze kwa nini nilimshauri hivyo, maana bado naamini halikuwa wazo baya.

Oman, kama nchi nyingine za Ghuba, mwajiri ndiye anayeshughulikia viza ya kazi na ukaazi. Vyeti vyako vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow, ambayo inawaandikia chuo chako na waajiri wako wa zamani moja kwa moja, kisha kuna mtihani wa leseni wa kompyuta. Unapangiwa daraja: mtaalamu, mtaalamu mwandamizi au konsaltanti. Dokta angeanza kama mtaalamu, na kwa daraja hilo angeendelea kupasua tangu wiki za mwanzo. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, na sheria iliyotolewa 2025 itakapoanza 2028 itawagusa wenye kipato cha juu sana tu. Tangu Januari 2021 mfanyakazi aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ridhaa ya yule wa kwanza. Halafu kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye mkataba: Muscat utawakuta wazee waliozaliwa Unguja na Pemba, na watoto wao, wanaokueleza maumivu yao kwa Kiswahili. Daktari anayejua thamani ya kumsikia mgonjwa akieleza mwenyewe bila mkalimani atanielewa.

Kwa daktari wa upasuaji, muda wa kutopasua ni hasara kubwa kuliko hasara ya cheo. Mkono unasahau. Kwa hesabu hiyo Oman ilikuwa bora.

Hesabu ya Dokta ilikuwa ya watoto. Anao watatu, wa kwanza wakati ule kidato cha pili. Oman ukaazi unafungamana na kazi. Kazi ikiisha, familia inafunga mizigo. Uingereza, viza ya wahudumu wa afya inamruhusu daktari aje na mwenza na watoto (waliozuiwa tangu Machi 2024 ni wahudumu wa matunzo), na wakati ule baada ya miaka mitano mtu aliweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mei 2025 serikali ya kule ilitangaza mpango wa kurefusha muda huo hadi kumi kwa wengi. Anayepanga leo ahakikishe kwanza kanuni za sasa. Mke wake, mwalimu wa sekondari, aliniambia neno ambalo lilifunga mjadala: "Shemeji, kuhama nitahama mara moja. Mara ya pili sitaweza."

Basi ikawa Uingereza, na kazi ikaanza upya kutoka chini.

Usajili wa GMC una milango kadhaa. Wengi hupitia PLAB, mtihani wa GMC kwa madaktari waliosomea nje, ambao sehemu yake ya pili hufanyiwa Manchester. Daktari wa upasuaji ana mlango mwingine: mtihani wa MRCS wa vyuo vya kifalme vya upasuaji, ambao GMC inaukubali. Nilimsihi achukue MRCS, kwa kuwa PLAB ingemsajili tu, wakati MRCS ingemsajili na pia kumwambia mkuu wa idara ya upasuaji kwamba huyu ni wa kwao. Sehemu ya kwanza ni maswali 300 ya kuchagua jibu, saa tano kwa siku moja, na sehemu kubwa ni anatomia na fiziolojia ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini, anayetoka zamu saa moja asubuhi, akakaa kukariri tena matawi ya mishipa ya damu ya shingo. Alifaulu mara ya pili. Sehemu ya vitendo alisafiri kwenda kuifanya, akapita mara ya kwanza, na sikushangaa: pale ndipo unapoonyesha mikono.

Kiingereza kilimsumbua kuliko upasuaji. GMC inataka wastani wa 7.5 katika IELTS ya kitaaluma, mtihani wa Kiingereza, na pasiwe na kipengele chini ya 7.0. Mara mbili alipata 6.5 kwenye kuandika, insha za kuhusu usafiri wa mijini na faida za makumbusho. Akahamia OET, mtihani wa wahudumu wa afya, ambamo daktari anaandika barua ya rufaa ya mgonjwa. Alikuwa ameandika barua za namna hiyo kwa miaka kumi na tatu. Alipata B kwenye vipengele vyote.

Vyeti navyo vina mambo yake. Cha kidato cha nne kilikuwa na jina la babu ambalo pasipoti haina, ikabidi hati ya kiapo. Alianza chuo 2003, Muhimbili ikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu baada ya kuwa chuo kikuu kamili 2007, hivyo wahakiki waliona majina mawili ya chuo na wakauliza. Wiki sita zikaenda kwa swali hilo. Cheti cha mwenendo mwema kutoka Baraza la Madaktari nacho hakitakiwi kuzidi miezi mitatu. Cha kwanza aliomba mapema mno, kikaisha muda kikiwa kwenye faili. Kiombe mwisho, mengine yote yakiwa tayari.

Tumbo la mzee wa miaka 72

Alisajiliwa Oktoba 2024. Akaacha nafasi za konsaltanti, akaomba za kudumu zilizo chini yake. Huko England mwaka 2024/25 mshahara wa nafasi kama hizo ulianzia pauni 59,175, wakati konsaltanti alianzia pauni 105,504. Alituma maombi tisa, akaitwa kwenye usaili mara mbili. Linganisha na yale thelathini na nane.

Usaili wa kwanza ulikuwa Desemba, kwa video, watu watatu upande wa pili. Walimpa kisa: mzee wa miaka 72, saa nane usiku, tumbo limekakamaa kama ubao, presha imeshuka, ana homa. Utafanya nini? Dokta alijibu bila kusita: dripu, antibaotiki, mpira wa puani, mpira wa mkojo, damu iandaliwe, thieta, nafungua tumbo. Wakamuuliza kuhusu kipimo cha CT. Akasema tumbo limeshajieleza. Wakamuuliza angempigia nani. Akasema mtu wa usingizi.

Hakupata kazi, na maoni waliyomtumia yalikuwa na neno moja lililomchoma: usalama.

Aliponisomea niliumia kwa niaba yake, kwa sababu kila alichosema kilikuwa tiba sahihi ya pale anapofanyia kazi. CT ya hospitali yake ilikuwa mbovu miezi kwa miezi. Kumsubirisha mzee yule apelekwe mjini kwa kipimo kungekuwa kumuua. Na angempigia nani? Anayepigiwa simu saa nane usiku ni yeye. Wasaili walisikia mtu wa papara, kumbe waliyekuwa wakimsikia alikuwa ameokoa watu kwa papara hiyohiyo.

Ila nao walikuwa na haki yao. England kila upasuaji wa dharura wa kufungua tumbo unaingizwa kwenye ukaguzi wa kitaifa uitwao NELA. Kabla ya kisu, hatari ya kifo inapigiwa hesabu. Ikifika asilimia 5, konsaltanti wa upasuaji na wa usingizi wanatakiwa wawepo thieta wenyewe, na kitanda cha uangalizi maalumu kitafutwe. Mtu unayemwajiri chini ya konsaltanti, unachotaka kusikia kwanza ni kwamba atanyanyua simu.

Tulifanya mazoezi kila Jumapili jioni, saa moja na nusu, yeye kwake na mimi kwangu. Nilimkataza kukariri majibu. Nilimtaka atamke kwa sauti mawazo ambayo kwake yalikuwa yamezama mikononi, moja baada ya jingine, na aseme wazi kipi alikuwa nacho na kipi hakuwa nacho. Usaili wa pili ulikuwa Februari 2025 na kisa kikafanana. Alisema: "Ninapofanya kazi sasa ningefungua bila CT, maana haipo, na ningeamua peke yangu. Kwenu ningeiagiza huku antibaotiki zikiingia, nikapiga hesabu ya hatari, nikampigia konsaltanti kabla sijampigia mtu wa usingizi, nikazungumza na familia." Wakamuuliza ametoa vifuko vya nyongo vingapi kwa matundu madogo. Kumi na moja, akasema, na vinne kati ya hivyo alikuwa msaidizi. Vya kufungua tumbo ni vingi kuliko hivyo mara kadhaa. Hakuongeza hata kimoja. Konsaltanti mmoja akajibu kwamba matundu madogo watamfundisha.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko alivyowahi kudhani. Hati ya udhamini ikatoka, na ukishapewa una miezi mitatu ya kuitumia. Kipimo cha kifua kikuu Dar es Salaam, cheti cha polisi, alama za vidole. Kiingereza hakuulizwa tena, kwa kuwa baraza lilishampima. Ada ya huduma za afya ambayo wahamiaji wengine hulipa, viza hii haina.

Aliomba tarehe ya kuanza iwe Agosti, na waajiri wakakubali. Sababu ilikuwa ya nyumbani. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inataka michango 180 ya kila mwezi ili mtu awe na haki ya pensheni, na tangu Julai 2010 alikuwa amebakiza miezi michache. Asingeuliza, angeondoka Machi na kuiacha miaka hiyo njiani. Mkopo wa elimu ya juu alishaumaliza kwa makato ya asilimia 15 ya kila mshahara, hilo halikumfuata.

Barua ya kuacha kazi aliiandika mara nne. Mganga mfawidhi aliisoma akiwa amesimama, akauliza tu lini. Hospitali ya mabingwa wawili ikabaki na mmoja, mdogo wake kwa miaka saba, ambaye Dokta ndiye aliyemshika mkono thieta alipofika. Mimi niliondoka mapema nikiwa daktari wa kawaida, pengo langu halikuonekana. La kwake linaonekana kwenye ratiba ya zamu, jina lilelile kila usiku. Sijapata namna ya kulisema hili likawa jepesi, na sidhani lifanywe jepesi.

Sasa ana miezi kadhaa kazini. Wiki za mwanzo alikuwa mtazamaji, kisha mshika kamera, kisha akaachiwa vidole tumbo, na sasa vifuko vya nyongo akiwa na konsaltanti pembeni. Ameanza jalada la rejista ya wataalamu. Linataka ushahidi wa upasuaji wa miaka ya karibuni, na sehemu kubwa ya ushahidi huo uko kwenye vitabu vya thieta vya hospitali aliyoiacha, vilivyoandikwa kwa mkono, baadhi kurasa zake zimeshikana kwa unyevu. Majina ya wagonjwa hayaruhusiwi kuonekana. Kwa hiyo Jumapili, raundi ya wodi ikiisha, yule mdogo wake aliyebaki peke yake huingia ofisi ya sista wa thieta, hukata plasta ndefu, huifunika safu ya majina, hupiga picha ukurasa mmoja mmoja na kuzituma kwa simu. Alianza na kitabu cha 2025 akawa anarudi nyuma. Juzi alikuwa amefika Mei 2021.